Punje Chini ya Ngozi

Darlene Hofstad huitoa kwenye jokofu
kabla sijavua koti,
huilaza mezani ipoteze ubaridi
nami nipoteze wangu.
Nje ni Sioux Falls, Januari,
theluji imekuwa na rangi ya maji ya kuoshea mchele.

Siku ya kwanza tulikuwa watatu:
yeye, mimi, na simu iliyolazwa katikati
yenye mkalimani ndani yake,
mwanamke, sijui wa mji gani.
Darlene aliuliza jambo. Simu ikanyamaza kidogo,
kisha: "Anauliza, umekuwa teja tangu lini?"

Nikatazama viatu vyangu.
Miaka sita nimesimama kwenye mstari wa nyama,
kisu kimoja, mkato uleule,
mpaka mgongo ukakwama kama mlango uliovimba kwa mvua.
Daktari wa kwanza alinipa vidonge.
Vilisaidia, nisiseme uongo.
Wa pili akaninyima.
Kufikia hapo nilishajua chumba cha kubadilishia nguo,
kabati namba arobaini na moja,
na bei, na siku ambayo bei hupanda.
Nilijua arosto: makamasi, jasho, mifupa inayotaka kutoka
ikatembee yenyewe.

Mkalimani akakohoa.
"Samahani, kaka," akasema, kwa Kiswahili tu,
"neno lile nimelirusha kama jiwe.
Anauliza mwili wako umeitegemea dawa tangu lini."

Tegemea.
Kwenye fomu ya kodi nina wategemezi watano,
Nabintu na watoto wanne, majina yao kwa herufi kubwa.
Sikujua kuwa nami nimeandikwa
kwenye fomu ya kitu kingine.

Nabintu nilipomweleza, alicheka bila furaha.
"Dawa ya moto ni moto, eti?
Na nyumba ikiisha?"
Nikamwambia nilivyoelewa: huu ni moto uliofunikwa jivu.
Haurushi cheche. Unakaa mwezi mzima.
Hakujibu. Alikuja nami mara ya pili
na daftari.

Ameandika, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto:
*Asianze mpaka arosto ionekane, akiwahi atateseka.
Kwanza kidonge chini ya ulimi, waangalie mwili unakipokeaje.
Sindano ni ya tumboni, chini ya ngozi,
mwezi huu kulia, ujao kushoto.
Anachoma muuguzi tu. Ikiingia kwenye mshipa wa damu
huganda kuwa donge na kuua.
Asipasugue. Mkanda usikaze hapo.
Pombe hapana. Vidonge vya usingizi hapana:
vikikutana na hii, pumzi husahau kazi yake.*
Na chini kabisa, amepigia mstari mara mbili:
*Ile ya kupuliza puani, droo ya vijiko.
Kisha piga simu. Usimwache peke yake.*

Binti yetu wa kwanza anajua droo hiyo.
Sikutaka ajue.
Anajua.

Darlene anabana ngozi, anasema moja, mbili.
Inaunguza kama pilipili iliyoshikwa na kidole chenye kidonda,
halafu inabaki punje,
ngumu, ya ukubwa wa kunde,
inayojimaliza kidogo kidogo bila kuniuliza.
Mwanangu mdogo akinirukia namgeuzia ubavu mwingine.
Anadhani ni mchezo, sasa hunirukia upande huo tu.

Kwenye pochi nina kadi:
nikigongwa na gari, waganga wajue nimebeba nini,
kwa maana dawa zao za maumivu zitabisha hodi
na kukuta kiti kimekaliwa.

Mgongo? Bado unauma, asubuhi hasa.
Ila sasa unauma kama mgongo.
Zamani uliuma kama deni.

Kiingereza changu kimekua, simu haiwekwi tena mezani.
Mwezi uliopita nilimwomba Darlene aipige hata hivyo.
Akatoka mwanamume, mpole, ananijali,
akaniuliza nataka kutafsiriwa nini.
Nikasema, hakuna,
kuna dada mmoja alirudi kuliokota neno lake,
nilitaka kumsalimu.
Darlene akatungoja, glavu mkononi,
asielewe hata kimoja,
sindano ikipata joto la chumba.