Badala ya "Choma"

Programu ile niliiandika usiku, wakati wa mgao wa umeme,
chumba cha nyuma cha duka la Kiwelu, Majengo,
jenereta ya jirani ikikohoa ukutani,
nami nahesabu vitufe kama mtu ahesabuye mbuzi wake:
thelathini na vinne.
Kasi ya kuandika. Aina ya faili. Kufunga kikao au kukiacha wazi.
Moshi nzima, nani alikuwa na vitufe thelathini na vinne?

Kisha akaja Mama Ndeshukurwa,
katibu wa kwaya, kutoka Kiborloni,
flashi kaifunga kwenye pindo la kanga.
Akaketi mbele ya skrini, mikono magotini,
kama anayesubiri jina lake liitwe pale Mawenzi.

"Bonyeza tu," nikamwambia.
"Nibonyeze wapi?"
"Hapo," nikasema, na kidole changu
kikaelea juu ya kioo, kikakosa pa kutua.

Akasoma mwenyewe, silabi kwa silabi,
kitufe chekundu nilichokipenda kuliko vyote:
CHO-MA.
Akaondoa mkono kwenye kipanya.
"Mwanangu, humu yumo Anaeli.
Anaimba besi, ubeti wa pili. Sauti yake iliyobaki ndiyo hii.
Unataka niichome?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.
Nikamweleza habari za mwale na rangi iliyo chini ya plastiki,
kwamba kuchoma huku si kule kwa ndizi, wala kwa takataka.
Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.
"Kama si kuchoma," akauliza, "mbona umeandika choma?"

Jibu sikuwa nalo. Hata leo sina.

Pembeni mwa meza ulisimama mnara wa diski zilizokufa.
Ya Mwalimu Lyaruu, aliyefungua mlango ikiwa asilimia tisini.
Ya kijana wa harusi, aliyefunga kikao kabla ya keki.
Ya katekista wa Kilema, aliyeandika kimya,
dakika sabini na nne za kimya, safi, bila mkwaruzo.
Kila moja niliisindikiza kwa maneno yale yale: wateja hawaelewi.
Siku ile nikazihesabu. Mia na kumi na mbili.
Nikajiuliza ni nani hasa asiyeelewa.

Usiku nikaanza kufuta.
Kila kitufe kilitoka kama jino, na mzizi wake.
Kasi? Mashine ijichagulie,
mama wa watu anataka kuwahi nyumbani kabla ya mvua.
Vikabaki vinne, vikabaki vitatu,
kimoja nikakirudisha kwa woga, asubuhi nikakitoa tena.

"Weka nyimbo hapa."
"Sikiliza kwanza."
Na pale palipokuwa na CHOMA
nikajaribu Andika, nikajaribu Nakili,
mpaka nilipoona haya nikamuuliza mwenyewe.
"Tunza," akasema, bila hata kufikiri.
Kisha, kwa herufi ndogo chini yake, akanilazimisha niongeze:
Nyimbo zako za mwanzo zitabaki zilipo.

Akabonyeza. Mashine ikavuma.
"Asilimia arobaini ya nini?" akauliza,
nami nikaandika upya, yeye akiwa bado kitini:
Bado dakika tatu. Usifungue mlango.
Hakuufungua. Hata kiti hakukisogeza.

Tukaiweka kwenye redio ya duka.
Soprano, alto, tena ubeti wa pili,
na besi moja ikaingia nyuma ya wenzake, nusu pigo.
"Kachelewa," akasema Mama Ndeshukurwa. "Kama kawaida yake."
Akafunga diski kwenye kanga, fundo mbili.

Mlangoni akageuka, akauliza kama ule mnara nautumia.
Sasa zinaning'inia kwenye jaruba lake la mpunga, Mabogini,
kwa nyuzi za gunia, zikijizungusha juani,
na kwelea wanazikwepa.
Ile ya kimya cha katekista
inang'aa kuliko zote.