IMELIPWA

Barazani, Langoni, Shufaa kaikata bamia,
kaichovya kwenye akriliki nyekundu,
kaigonga juu ya stakabadhi kuukuu:
ua, petali tano.
Kagonga tena. La pili limepinda shingo.

Kandambili iliyokatika ukanda kaichonga kwa wembe:
mwezi mmoja, wa pili,
wa tatu nusu tu,
rangi imeshakauka, haimngoji mtu.

Ndani ya kopo la vifungo kaukuta
muhuri wa marehemu babake,
wa lile duka la mchele.
Kaupaka buluu, kaukandamiza kwa viganja viwili.

Mbingu zikasema IMELIPWA,
kichwa chini, miguu juu.

Deni la nani, we baba?

Paka akapita, rangi mbichi,
akatia saini
mpaka kizingitini kwa jirani.

Shufaa hafuti.
Anatafuta karatasi kubwa zaidi.