Nyumba ya Kuanikia Nguo

Kazi ya muhula ilikuwa sentensi moja ubaoni:
jengeni kitu ambacho mji huu umekikosa.
Baltazar akachora makumbusho.
Rayén akachora daraja, kisha daraja jingine,
kisha akaacha kuja.
Mimi nikachora maktaba ya vioo,
kwa kuwa asiyejua anachotaka
huchora maktaba ya vioo.

Nje, mvua. Hapa Valdivia mvua si habari,
ni mpangaji asiyelipa kodi na asiyehama.
Tuliingia studio na soksi mbichi,
tukazianika juu ya taa za kuchorea,
ramani zetu zikanuka miguu.

Wiki ya tano Profesa Iturriaga akafika mezani pangu.
Hakusema neno.
Akaibeba modeli yangu (siku nne, kadibodi nyeupe,
kidole kimoja nimekikata)
hadi kwenye karo la kuoshea brashi,
akafungua bomba.

"Tazama yanakwenda wapi."

Yalikwenda kila mahali.
Maji hufuata mkondo, nami mkondo sikuyapa.
Gundi ikaachia, kuta zikavimba
kama mkate uliosahauliwa ndani ya chai.
Mtu mmoja akacheka. Nadhani ni mimi.

Nimepanga chumba kwa Edelmira,
mjane mwenye jiko la kuni na shuka saba.
Jioni ile nilimkuta ukumbini akilegeza kamba:
fremu ya mbao ikashuka kutoka darini,
akatandaza shuka juu yake, akavuta,
kapi likalia kwii, kwii,
shuka likapanda polepole
hadi kule juu joto linakojificha.
"Joto halina adabu," akasema,
"ukilikaribisha kiti, linakwea dari."

Miaka miwili nimepita chini ya fremu ile
nikiinamisha kichwa nisidondokewe.
Miaka miwili ya usanifu
na sijawahi kutazama juu.

Usiku ule sikuchora jengo. Nilichora shuka.
Shuka likiwa zito, shuka likiwa nusu,
shuka likianza kusahau maji.
Nikapima mikono ya Edelmira ikiwa imeinuliwa:
mita moja na sentimita themanini na nne,
naye akicheka, ananitekenya huyu!
Karatasi arobaini, na thelathini na nane kati yake
ni takataka, nakiri,
ila ya thelathini na tisa ilikuwa na kenchi ndefu
na pengo chini ya kigongo cha paa
ambamo mvuke ungetoka bila kuomba ruhusa.
Chini, jiko. Kando ya jiko, benchi,
maana nguo hazikauki peke yake,
kuna mtu anazisubiri.

Siku ya kutetea kazi alikuja mgeni kutoka Santiago,
viatu vikavu, miwani mekundu.
Akainama, akachungulia ndani, akauliza:
"Na nani atakubali jirani aione chupi yake?"
Ukumbi mzima ukasubiri jibu langu.
Sikuwa nalo. Hata leo ninalo nusu tu.
Profesa alikuwa akitazama dirishani,
kwenye balkoni za ng'ambo, nguo za watu
siku ya tatu zikinyeshewa.
Walinipa tano nukta moja.
Baltazar alipata sita.

Nikairudisha modeli nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki,
nimeikumbatia kama mtoto mwenye homa.
Mfuko ulikuwa na tundu.
Kati ya vishuka nilivyovikata kwenye foronya kuukuu
kimoja kilikuwa kimelowa chapa,
ukubwa wake stempu ya barua.

Edelmira alikitazama kwa muda mrefu.
Hakuuliza alama.
Akashusha fremu, akatafuta kibanio,
akakibana katikati ya shuka zake mbili,
akavuta kamba.