Hesabu ya Langoni

Chausiku Mhina alifungua daftari la shule,
lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma,
akaniambia nimwage begi lote juu ya benchi.
Chupa za maji, mbili.
Vifuniko, viwili. Kifuniko kilikuwa na mstari wake.
Korosho, pakiti moja. Betri, nne.
Dawa ya mbu akaifungua, akainusa, akaibakiza:
"Hii ikidondokea dimbwini, viluwiluwi hawana zahanati."
Mwisho akaandika: mtu mmoja.

Nilitoka Bagamoyo alfajiri,
pikipiki ikipita Makurunge, ikivuka Wami,
na matope ya safari nzima yaliganda nyayoni
nikiyaona kama cheti.
Akanipa brashi na ndoo.
"Sugua. Mbegu za kwenu zibaki kwenu."
Nikasugua kama mtoto wa bweni siku ya ukaguzi,
moyoni nikinung'unika: kiingilio nimelipa,
sasa nalipishwa na jasho.

Nikajaribu kumlainisha:
"Dada, si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone?"
Hakuinua macho.
"Mwenyeji huku ni kaa. Jioni tutamwuliza kama kapona."

Tukaingia mikokoni kwa njia ya mbao,
alipokanyaga yeye nikakanyaga mimi.
Kushoto na kulia mizizi ya mchu imechomoza topeni
kama penseli za darasa zima,
na ukiikanyaga, alisema, umekanyaga pua.
Harufu ya chumvi, na ya yai viza.
Kitu kilitumbukia majini, sikukiona,
naye hakunitajia jina lake.

Kisha mikoko ikaachana
na heroe wakawa pale, mamia,
vichwa chini, wanachuja tope.
Nikainua simu.
Ndege aliyeinama, nani atamtazama?
Nilitaka waruke, anga lote liwe waridi,
watu wa nyumbani waniulize ni wapi huko.
Nikakusanya viganja nipige kofi
na mkono wa Chausiku ukaingia katikati,
ukabanwa humo, mkavu, mgumu.
"Kuruka kwao kuna nauli," alinong'ona.
"Wanaichanga tangu alfajiri, chembe kwa chembe.
Usiwatume safari isiyo yao."

Tukakaa hivyo.
Ndege hawakufanya lolote. Walikula.
Sikumbuki kama nimewahi kutazama kiumbe akila
nisimkatize.

Langoni akahesabu.
Chupa mbili. Betri nne. Pakiti tupu, moja.
Kifuniko, kimoja.
Akarudia, polepole, kama karani aliyepungukiwa.
Maji yalikuwa yanajaa, bodaboda anapiga honi.
"Dada, ni kifuniko tu."
Akavaa buti zake tena.

Tulikikuta chini ya mbao,
pale pale nilipokunywa maji nikijiona nimetulia.
Kidude cha buluu mdomoni mwa tundu,
na kaa mwenye gando moja kubwa amesimama nje
kama mtu aliyerudi kutoka msibani
akakuta mlango wake umewekwa kitasa kigeni.
Nikalala kifudifudi, nikanyoosha mkono,
nikakichota pamoja na tope lake.
Kaa alisubiri. Akaingia kwake.
Chausiku hakusema kitu.
Nilitamani aseme, hata anikaripie.

Vifuniko, viwili: akapiga mstari.
Alipofika "mtu mmoja"
alinitazama kuanzia viatu,
kisha akaweka vema, kadogo, kwa penseli,
kama mwalimu asiye na hakika.

Tope la ndani ya kucha hakuliona.
Au aliliona, akaniachia.
Leo siku ya tatu
nakula ugali kwa kijiko.