Jora Lililobaki

Mwaka wa kwanza Mligo wa mbao
aliniagiza bendera mia tatu,
zambarau, mzani katikati.
"Jasho la mtu ni mali yake," walisema,
na Makambako ikaitikia:
wenye malori, wenye maduka, mashemasi.
Kadi ziliisha kabla viazi havijang'olewa.

Uchaguzi wa pili, bendera arobaini.
Wa tatu alikuja usiku, kwa mguu,
akauliza kama koti hugeuzwa
nembo ikaingia ndani.

Niligeuza. Sikumdai.

Ofisi yao sasa inasaga mahindi.
Jora lililobaki nimelikata bitana
za makoti ya watoto. Juni hii,
ukungu haujainuka, wanapita kwenda shule,
mikono mifukoni,
wameshika zambarau wasiyoijua.
Inapasha joto, hilo nakiri.