Klachi ya Marehemu

Shaame, hapa sokoni Chake ndipo inaponizimikia.
Nikiachia mafuta, Pijo inakohoa, inatikisa vioo, kimya.
Umepuliza kabureta kwa mdomo,
ukakaza skrubu robo, ukarudisha kidogo,
sailensa ikatulia kama mtoto aliyeshiba.

Bado klachi.
Kilima cha Mkoani injini inapiga ukelele,
gari haina habari,
nanusa kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi.

"Sahani imelika hadi ribiti, Bi Mgeni.
Nani alikuwa akilaza mguu juu ya klachi?"

Mume wangu. Miaka ishirini na sita
mguu wa kushoto juu, hata njia ikiwa nyeupe,
kama mtu anayesubiri kuitwa.

Mpya hii hapa, imevuka na meli ya jana.
Ile kuukuu usiitupe.
Ifute, ifunge gazetini.