Mstari wa Penseli

Chupa ilikuwa ya achari ya embe.
Nimeiosha mara tatu kwa sabuni, ya nne kwa maji ya moto,
na bado mfuniko unanukia pilipili.
Chupa zetu halisi zimekwama bandarini tangu Februari,
na kesi haingoji karatasi za forodha.

Sajini Mwakideu ameleta bahasha tano.
Ya kwanza: pamba iliyofuta kioo cha kabati
chumbani mwa bibi harusi, Kibokoni,
pale palipoandikwa kwa rangi ya mdomo, herufi kubwa:
HUYU SI WAKO.
Mkufu wa dhahabu nao haupo.
Nne zilizobaki ni rangi za wanawake wanne:
shangazi mtu, wifi, mpambaji, na bibi harusi mwenyewe.
Zote nyekundu.
"Ni yule mpambaji," asema Sajini, akijipepea kwa faili.
"Mwanakombo wa Kisauni. Watu wote wanajua."

Watu wote. Mimi najua penseli.
Napiga mstari chini ya karatasi, vidole viwili kutoka ukingoni,
si kwa kalamu, kwani wino nao hupanda
ukajitia katika shauri lisilouhusu.
Juu ya mstari natua matone matano,
kila moja dogo kama mbegu ya ufuta,
rangi iliyoyeyushwa kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha.
Nazima feni. Jasho lateremka hadi kiwikoni;
nakaza mkono, nisije nikatia ushahidi wa chumvi yangu.

Karatasi inasimama chupani,
miguu tu ndani ya spiriti, matone yakibaki nchi kavu.
Nafunika. Nangoja.

Aliyelelewa katika nyumba ya matumbawe hahitaji maelezo.
Bibi yangu alipaka chokaa kila mwaka kabla ya Ramadhani,
na kila mwaka unyevu ulipanda toka msingini,
usiku, polepole, bila kuulizwa,
ukachora ramani ya kahawia kimo cha mtoto.
Kuta hunyonya. Karatasi hunyonya.
Kinachopanda hubeba kinachobebeka,
kingine hukiacha njiani.

Dakika ya kumi, nyekundu ya kioo
inaanza kukiri kwamba haikuwa moja.
Chungwa yatangulia, nyepesi, haina mizigo.
Waridi yafuata.
Nyuma kabisa zambarau imekaa kitako karibu na penseli
kama mgeni asiyetaka kuaga.
Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.
Humu njia fupi ni ya rangi nzito tu,
haijamdanganya mtu.

Nachukua rula.
Mwendo wa rangi naugawa kwa mwendo wa spiriti.
Shangazi: hana zambarau.
Wifi: doa moja, basi.
Mwanakombo: mna njano iliyojificha, imekimbia hadi juu;
kiooni hakuna njano.
"Si yake," namwambia Sajini.
Anaitazama karatasi kama risiti aliyozidishiwa bei.

Ya tano inalingana na kioo doa kwa doa:
nukta nane moja, nukta tano nne, nukta moja mbili.
Rangi ya bibi harusi.

"Kumbe kajiandikia mwenyewe!"
Subiri, Sajini.
Rangi ile ilikuwa mezani, haina kufuli,
chumba kimejaa wanawake tangu alasiri,
na Barabara ya Biashara wanaiuza kwa dazeni.
Karatasi inaijua rangi. Mkono haiujui.
Wala haijui kwa nini mtu amwambie mwenzake
"huyu si wako",
au ajiambie, usiku wa kuamkia nikaha.

Naandika: *Sampuli ya nne ni tofauti. Ya tano haitofautiani na ya kiooni.*
Haitofautiani. Sajini alitaka jina,
nimempa kitenzi.

Natia sahihi kwa kalamu sasa,
ya buluu, ya shilingi ishirini.
Wino huu nao, siku moja ukikatwa
ukasimamishwa chupani,
utapanda, utaachana,
utasema buluu haikuwa buluu tupu.

Nawasha feni.
Karatasi yapepea kwenye kibanio cha nguo.
Achari bado inanukia.